X Nyekundu Ukutani kwa Agustina

Agustina hakuwa mtu wa kunywa chai ambayo hakuiona ikichemka. Soda ilifunguliwa mbele ya macho yake au haikunyweka. Ukimwamkia shikamoo kwa upole uliozidi kidogo, aliitikia marahaba huku akichungulia nyuma yako aone umekuja na nani. Waliompenda walisema ni mwangalifu. Wasiompenda, na hao hawakuwa haba, walisema mama yule angemdai hata malaika kitambulisho. Mwenyewe alisema ni kazi iliyomfundisha, na kazi yake ilikuwa udalali wa nyumba na viwanja.

Kazi hiyo aliifanyia Tarime, kwenye kilima kilicho nyuma ya mji, ambako wenyeji walilima mihogo na ulezi mpaka siku wenye dhahabu walipokiona. Karatasi za halmashauri zinakiita Nyansisine. Watu wanakiita Masaki, kwa jina la kule wanakokaa matajiri wa Dar es Salaam, na wakilitamka hucheka kidogo, ila bei za viwanja hawazicheki. Waliojenga kule ni wanunuzi wa dhahabu kutoka Kahama na Geita, wafanyabiashara wa Sirari wenye magari ya namba za Kenya, na watumishi wachache ambao mishahara yao na nyumba zao hazijuani hata kwa salamu. Kuta ni ndefu, juu yake kuna nyaya za umeme, na umeme ukikatika mbwa ndio wanaobaki kazini. Kila geti lina simba wawili wa saruji. Agustina aliwahi kumwambia mteja kwamba Masaki ina simba wengi kuliko Serengeti, na mteja yule akadhani anasifiwa eneo, akapandisha bei mwenyewe bila kuombwa.

Mlangoni kabisa mwa kilima, barabara ya vumbi inapoanza kupanda, ilisimama nyumba ya Agustina: matofali ya kuchoma, bati lililoshika kutu pembeni, jiko la nje, na kaburi la mumewe Oswaldi lililosakafiwa vizuri upande wa magharibi. Oswaldi alilinunua eneo lile enzi ambazo rafiki zake walimuuliza kama ameanza kufuga mawe. Ukutani, kwa herufi kubwa nyekundu, Agustina alikuwa ameandika: NYUMBA HII HAIUZWI. Alijua kuliko mtu yeyote jinsi nyumba ya mtu inavyoweza kuuzwa mwenyewe akiwa ameenda msibani. Alishaziona zikiuzwa hivyo, na wauzaji wakiwa ndugu wa damu.

Ndani aliishi na Waisiko pamoja na mtoto. Hapa inabidi nieleze kwa wasiotoka kwetu. Agustina alizaa mabinti tu, na wote waliolewa. Oswaldi alipofariki hakukuwa na mtoto wa kiume wa kuishika nyumba ile, na mdogo wake marehemu, Abednego, alianza kuja kila wiki kumpa pole shemeji yake huku akipima uwanja kwa hatua. Mwanamke wa Kikurya akifika hapo hakai akisubiri huruma ya mashemeji. Agustina alitoa ng'ombe, akaenda Susuni, akaoa. Waisiko akawa mke wa nyumba ile, na mtoto atakayemzaa akawa wa nyumba ile, mwenye jina la marehemu. Wenyewe tunaiita nyumba ntobhu, na wanaoshangaa ni wageni wa dhahabu tu. Waisiko alizaa mvulana, akaitwa Oswaldi, na Abednego akaacha kuja kutoa pole. Maadamu mama na mtoto yule walilala chini ya bati lile, ukoo haukuwa na pa kuweka mguu.

Kisha ukaja mwaka wa uchaguzi, na pamoja na uchaguzi ikaja barabara.

Ililetwa na Steven, mtia nia wa ubunge, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikaweza kukata mkate. Aliahidi barabara ya mchepuko, ya lami, itakayozungusha malori nje ya mji. Tatizo la barabara ya Steven ni kwamba ilipita popote alipokunywa chai. Jumatatu ilipita upande wa kanisani, Jumatano ikapanda Masaki, na Alhamisi alipokaribishwa vitumbua kwa mjumbe mmoja wa ng'ambo ya mto, ikavuka mto. Agustina naye alikuwa mjumbe wa kupiga kura za maoni za chama, kwa hiyo ilimbidi Steven afike na kwake.

"Shikamoo, mama," Steven alisema, ingawa kwa umri yeye ndiye aliyestahili kuamkiwa.

"Marahaba ya nini, baba, wakati wewe ni kaka yangu mkubwa? Unataka nini?"

"Ni kura tu, mama. Na barabara itapita hapa hapa kwako."

"Hapa kwangu juu, au hapa kwangu pembeni?"

Steven alicheka, akasema wataalamu wataangalia, akaacha kitenge juu ya meza. Agustina alikifua kabla ya kukivaa, hakusema anakiondolea nini. Kura za maoni zilipofika, wajumbe walikuwa wamekunywa chai yote ya Steven na wakampigia mwingine, na huyo mwingine akaanza kupita na barabara ile ile kwenye nyumba zile zile.

Wakati huo huo watu wa barabara walifika kweli. Walipima chini kule, mguuni mwa kilima, wakapaka X kwenye kuta kadhaa, ukuta wa Agustina wakauruka, wakapanda gari lao wakaondoka. X zilikuwa za rangi mbili. Ya kijani maana yake utahamishwa na utalipwa fidia. Nyekundu maana yake umejenga ndani ya eneo la barabara, bomoa mwenyewe, na usimtafute mtu. Kwingine nchini mtu akiamka akakuta X ukutani kwake hulia. Masaki walilia wasiopata. Walikuwa wamejifunza machimboni jambo linaloitwa kutegesha: ukisikia eneo litachukuliwa, unawahi kusimamisha nyumba ili anayelipa aikute. Basi kilima kikaota nyumba. Tofali juu ya tofali, saruji ya kunusishwa tu, bati jepesi, dirisha lina pazia la maua na nyuma ya pazia hakuna chumba. Mbele kabisa kwenye mchezo huo alikuwa Mboje, mnunuzi wa dhahabu kutoka Kahama, mtu mpole mwenye viatu visivyopata vumbi. Nyumba nzuri yenye vigae lakini haina X watu waliiita tupu. Kibanda chenye X ya kijani kiliitwa mali, na wateja wakakigombania.

Sasa, brashi ya watu wa barabara iliishia chini. Huko juu nani alipaka? Alipaka Agustina. Alinunua kopo la rangi ya kijani mjini, na kila nyumba aliyopewa kuuza ilikutwa na X yake mapema asubuhi, safi, ya kuvutia. Hakukuita wizi. Alikuita kuiremba nyumba, kama mwenye kuuza ng'ombe anavyomwogesha kabla ya mnada. Mboje alinunua mbili zilizorembwa hivyo, akashukuru sana. Waisiko peke yake ndiye aliyejua, kwa kuwa ndiye aliyeisafisha brashi kwa mafuta ya taa, na Waisiko hakuwa mtu wa kusema sana. Agustina, ambaye aliwatilia shaka wanaosema sana, aliwatilia shaka zaidi wasiosema.

Mwezi uliofuata binti yake Luciana, aliyeolewa Mbalibali huko Serengeti, alijifungua, na ilibidi bibi aende. Agustina alisita mpaka basi likapiga honi mara ya pili.

"Mtu akija na tepu ya kupimia, nipigie simu," alimwambia Waisiko. "Akija na karatasi, piga kelele."

"Sawa, mama."

"Na kopo usiliguse."

"Sawa, mama."

Kwa Luciana mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na juu ya kichuguu hicho kila jioni kuna vijana wanaozungumza na wachumba wao. Agustina alikaa kule bila habari, akila vizuri na kulala vibaya. Usiku aliwawazia Abednego, Steven, Mboje na mwenyekiti wa mtaa, mmoja baada ya mwingine. Alipomaliza alianza tena na Abednego. Kitovu cha mjukuu kilipodondoka aliaga, akapanda gari la Mugumu, na kutoka Mugumu akarudi Tarime.

Aliiona kutoka kwenye bodaboda, kabla hata pikipiki haijasimama. X kubwa, nyekundu, imepakwa juu ya maneno yake ya NYUMBA HII HAIUZWI, mkono mmoja wa X umekata katikati ya neno HAIUZWI. Alishuka pikipiki ikiwa bado inatembea, mpaka dereva akamuuliza kama anaumwa. Alimsukumia nauli yake. Hakuingia ndani. Mtu mwingine angeingia, angesalimia, angembeba mtoto, halafu angeuliza. Agustina alivuka barabara na mkoba wake kichwani, akaenda dukani kwa Huruma, jirani aliyeuza sukari, sabuni na habari.

"Nani amekuja kwangu?"

"Na wewe, salamu?"

"Salamu zipo. Nani amekuja?"

Huruma alivuta kigoda. Alisema Abednego alikuja na yule mnunuzi wa dhahabu, Mboje, siku chache baada ya Agustina kuondoka. Alisema Waisiko aliwachinjia kuku. Walikaa ndani mpaka jua likapinda, na kicheko kilisikika mpaka dukani. Jumamosi yake walirudi wakiwa na wazee wa ukoo na mwenyekiti, wamevaa makoti, lakini hawakukaa. Walisimama barabarani wakautazama ukuta, wakasemezana, wakaondoka.

"Na hiyo X?"

"Jumamosi hiyo asubuhi ndipo niliiona. Gari la watu wa barabara sikuliona. Ila mimi nina mambo yangu, siangalii ya watu."

Agustina alirudi akausogelea ukuta. X za watu wa barabara huwa na namba pembeni, hii haikuwa nayo. Rangi yake ilikuwa ile ile ya maneno ya HAIUZWI, rangi ambayo kopo lake lililobaki lilikaa ghalani, nyuma ya gunia la mtama. Alikwenda ghalani. Kopo lilikuwa limefunguliwa, na kifuniko hakikurudishwa vizuri. Basi aliyepaka ametoka ndani. Abednego amepika mpango, Waisiko amepika kuku. Wanaipaka nyumba nyekundu ili mwenyewe aogope, aitoe kwa bei ya kutupa, halafu wao waifute, waipake kijani na kula. Agustina aliuona mpango wote kwa uwazi kabisa, kwa sababu ni mpango ambao yeye mwenyewe angeweza kuutunga.

Waisiko alikuwa jikoni, mtoto mgongoni, anasonga ugali. Alipomwona uso ukamchangamka.

"Mama, umefika! Shikamoo. Luciana hajambo?"

"Nyanyua mguu."

"Nini?"

"Nyanyua mguu, nione kitenge."

Pindoni mwa kitenge kulikuwa na doa jekundu, kubwa la kutosha. Waisiko aliliangalia doa, akamwangalia Agustina, akaweka mwiko chini.

"Nilipaka mimi," alisema. "Nilitaka kukwambia ukishakaa. Kaa kwanza, mama, unywe maji."

"Maji yako siyanywi! Kuku ulimchinjia nani?"

"Baba Abednego alikuja, ningemwacha aondoke na njaa? Ni shemeji yako. Sikiliza..."

"Nimesikia vya kutosha! Nimekutolea ng'ombe, nimekupa nyumba, nimempa mtoto wako jina la mume wangu, na wewe unaniuza kwa paja la kuku. Amekuahidi nini? Chumba kwake? Au mmeshaanza mambo yenu zamani na mimi ndiye mjinga wa mwisho kujua?"

Hilo la mwisho hakuliamini hata yeye. Lilimtoka tu, na lilipotoka alimwona Waisiko akipauka, na hata hivyo hakulirudisha.

"Tangu umeshuka kwenye pikipiki unauliza ni nani," Waisiko alisema polepole. "Hujauliza kwa nini."

"Rudi kwenu Susuni. Ng'ombe nitawafuata."

Waisiko hakulia. Alimalizia kusonga ugali, akaupakua, akaufunika ili usipoe. Kisha alichukua nguo za mtoto na shuka lake, akampungia mkono dereva wa bodaboda aliyekuwa bado pale kwa Huruma anakunywa soda. Huruma naye alisimama mlangoni mwa duka ili mambo yake yasimpite. Ugali ule Agustina aliwamwagia kuku.

Kesho yake alishinda akisugua ukuta kwa petroli na kitambaa. X ilitoka, na HAIUZWI ikatoka nusu. Alijiona mshindi. Mpango umevunjika, msaliti ametoka, nyumba imebaki. Ndani kulikuwa kimya, na mara mbili aligeuka kumwambia Waisiko alete maji, akakumbuka.

Siku iliyofuata walikuja, Abednego na Mboje, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Abednego alikuja anatabasamu.

"Afadhali umeifuta, shemeji," alisema. "Lile lidude lilitutia hasara. Tumekuja Jumamosi na wazee, karatasi iko tayari, ukoo umekubali kwa kuwa wewe umehamia kwa binti yako Mbalibali..."

"Nani amesema nimehamia?"

"Si ulikwenda? Basi, tumefika pale barabarani, ndugu yangu Mboje akaona nyekundu. Mura huyu, kijana mzima, alikimbia! Akasema nyumba yenye nyekundu hata ya bure haichukui. Wazee wamevaa makoti yao bure."

Mboje alicheka kwa aibu. "Nilidhani ni ya barabara kweli, mama. Kumbe ni utundu wa mtu. Mimi hapa napapenda sana. Hapa ndipo kona itakapokuja, na lile kaburi nalo lina fidia yake."

Agustina alijikuta amekaa kwenye ukingo wa kaburi la Oswaldi. Yalimjia yote kwa pamoja: kuku wa kuwakalisha wageni mpaka waseme walichokuja nacho, simu zilizopigwa zikakosa kichuguu, msichana peke yake na mtoto mgongoni, akikumbuka brashi aliyokuwa akiisafisha. Kijani huita wanunuzi, nyekundu huwafukuza. Waisiko alijifunza hilo kwa Agustina mwenyewe, na alilitumia kuilinda nyumba ambayo Agustina alimfukuza kutoka humo.

"Na nimesikia mke wako amerudi kwao na mtoto," Abednego aliendelea, sauti imekuwa ya msibani. "Pole sana. Ng'ombe wakirudi, shemeji, unajua mwenyewe. Hapa hapana tena mtoto wa marehemu. Serikali ina sheria zake, lakini kikao cha ukoo nacho kitakaa. Tutakuja Jumapili baada ya ibada, tuongee vizuri, bila hasira."

Walipoondoka Agustina aliona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio hata mtu akiwa peke yake. Miaka yote alimtafuta mtu wa kumsaliti, na alipokuwa hampati akamtengeneza kwa mkono wake. Hakuvaa kile kitenge cha Steven. Alivaa gauni lake la kawaida, akanunua sukari na majani ya chai kwa Huruma bila kuuliza habari yoyote, na akapanda bodaboda kwenda Susuni.

Baba yake Waisiko, mzee Filemoni, alimpokea nje ya uzio wa ng'ombe. Hakumkaribisha ndani.

"Mwanamume akimfukuza mke, humfuata mwenyewe, na hukaa pale," alisema, akimwonyesha jiwe karibu na mlango wa zizi. "Wewe ndiye uliyeoa, mkwe. Kaa pale."

Agustina, mwanamke wa miaka yake, mjumbe wa chama, dalali wa Masaki, alikaa pale. Watoto walikuja kumwangalia, ng'ombe wakarudi kutoka malishoni wakampita wakimpulizia, na wanaume waliokuwa wakipita njiani walimsalimia kwa heshima ile ile ambayo humpa mwanamume mwenzao aliyepatwa na hilo. Mwisho Waisiko alikuja na sahani ya ugali na maziwa ya mgando, akaiweka mbele yake. Agustina alikula. Hakunusa, hakugeuza kijiko, alikula mpaka ukamalizika.

"Nilikukosea," alisema. "Lile neno la mwisho ni uongo wangu. Ulinilindia nyumba, nami nikakutukana mbele ya mtoto. Nisamehe, mwanangu, turudi."

"Nirudi ili kesho ukikuta kikombe kimehama unifukuze tena?"

"Sitakufukuza."

"Maneno yako nayajua, mama. Nimekusikia ukiwauzia watu."

Agustina aliangalia chini, akaona kwamba lile pindo la kitenge lenye doa jekundu lilikuwa limefuliwa na doa halikutoka.

"Basi sema wewe. Nifanye nini?"

Waisiko alifikiri huku akimbembeleza mtoto. "Huruma kanipigia simu, Abednego anakuja Jumapili. Irudishe X. Usimtume mtu, usingoje giza. Shika brashi wewe, mchana, akiangalia."

"Waisiko! Masaki yote hupita pale wakitoka kanisani. Wakiniona na brashi nimekwisha. Nani atanunua kwangu hata choo?"

"Najua," Waisiko alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa naiosha hiyo brashi."

Jumapili jua liliwaka vizuri. Magari yalianza kupanda kilima taratibu, madirisha yameshushwa, akina mama wamevaa kofia za ibada. Abednego alifika na wazee wawili na Mboje, akakuta shemeji yake amesimama juu ya kigoda, kopo la rangi nyekundu mkononi. Ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la Huruma, Waisiko alikuwa amekaa kwenye bodaboda isiyozimwa injini, mtoto mgongoni. Alimwambia dereva asubiri kwanza.

Agustina alichovya brashi. Mstari wa kwanza aliuvuta kutoka juu kushuka chini, mrefu, ukachuruzika. Gari la kwanza likasimama. La pili likasimama nyuma yake.

"Shemeji, umepagawa?" Abednego alipiga kelele. "X ni ya serikali! Mtu hajipakii X mwenyewe!"

Agustina aliwaona wateja wake wote pale barabarani, wale aliowauzia na wale aliokuwa anataka kuwauzia, na kwa mara ya kwanza hakuwa na neno tamu la kuwaambia.

"Na zile za huko juu, Abednego," alisema, akageuka ili wote wasikie, "unadhani serikali ilipanda kilima hiki lini? Nimezipaka mimi. Zote za juu. Na hii naipaka mimi, kwa sababu humu kuna mke wangu na mtoto wa Oswaldi, na hapauzwi."

Mwanamke mmoja mwenye kofia ya ibada alianza kushuka kwenye gari, kisha akarudi ndani na kumwambia mumewe aendeshe haraka nyumbani wakaangalie ukuta. Mboje alitazama juu ya kilima, kule ziliko nyumba zake mbili za kijani, akatazama kopo, na viatu vyake visivyopata vumbi vikaanza kupanda kilima kwa mbio. Wazee wawili walimuuliza Abednego kama leo nao wamevaa makoti bure.

Agustina aligeukia ukuta amalize, lakini mkono haukumtii, na brashi ikawa inagonga gonga tofali bila kuchora. Akasikia injini ya bodaboda ikizimwa. Waisiko alivuka barabara, akasimama chini ya kigoda, akanyoosha mkono.

"Lete, mama," alisema. "Wewe shika mtoto."